Umeacha Nyama, Nywele Nazo Zinakuacha?

Chanuo halina siri. Asubuhi ile nyumbani kwa wakwe zangu, Ifakara, nilichana nywele mara mbili tu, chanuo likatoka na kishungi kizima. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akaliangalia chanuo, akaniangalia mimi.

"Mwanangu, nilikwambia. Mtu haishi kwa majani."

Jamani, niliona aibu! Miezi mitano kabla, mimi na mume wangu tulikuwa tumeacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Tulianza wakati wa Kwaresima, tukajisikia wepesi, tukaamua kuendelea. Sasa nenda ukamweleze hayo mama wa Kindamba. Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga na samaki, na mkwe anayesukuma pembeni bakuli la kambale anaonekana amewasukuma wenyeji wake pia.

Usiku mume wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Turudi tu kwenye samaki?" Nikajua hapo hatuzungumzii nywele tena. Alikuwa amekaa katikati, mama yake huku, mke wake kule.

Tuliporudi Dar es Salaam nikaenda kupima damu. Madini ya chuma yalikuwa chini. Mtaalamu wa lishe akaniambia nitaje ninachokula tangu asubuhi. Nikataja: chai na maandazi, mchana wali na mchicha kidogo, jioni wali tena, na chai juu yake. Akacheka. "Wewe huli mboga, dada. Wewe unakula wali."

Yaani kosa langu lilikuwa hilo tu. Nilimtoa samaki kwenye sahani, lakini sikuweka kitu mahali pake.

Kwa nini nywele huchelewa kulalamika?

Kila unywele hukua, hupumzika, kisha hudondoka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Mwili ukipungukiwa, hupeleka chakula kwanza kwenye viungo muhimu kama moyo na ubongo. Nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, na miezi miwili au mitatu baadaye ndipo unaziona kwenye chanuo. Kwa hiyo usilaumu mafuta uliyobadilisha wiki iliyopita. Jiulize ulikuwa unakula nini, au ulikuwa unaumwa nini, miezi mitatu nyuma. Homa kali ya malaria, kujifungua au kupungua uzito haraka pia huleta hali hiyo hiyo.

Weka nini mahali pa samaki?

1. Jamii ya kunde kila siku. Unywele umejengwa kwa protini. Wali peke yake hautoshi, lakini wali na maharage, kunde, choroko au mbaazi hukamilishana vizuri. Loweka usiku kucha, umwage maji, ndipo upike. Madini yatafyonzwa vizuri zaidi.

2. Mboga za majani pamoja na ndimu. Madini ya chuma ya kwenye mimea huingia mwilini kwa shida. Kamulia ndimu, au kula embe au pera pamoja na chakula. Chai na kahawa huyazuia, kwa hiyo zisubiri walau saa moja baada ya kula. Hapa ndipo nilipokuwa najiumiza mwenyewe.

3. Karanga, ufuta na mbegu za maboga. Zina zinki na mafuta mazuri. Twanga, unga kwenye matembele au kisamvu. Mchele usiokobolewa sana nao una madini zaidi kuliko ule mweupe pee.

4. Vitamini B12. Hapa hakuna ubishi: mimea haitupatii vitamini hii ya kututosha. Kama huli kabisa kitu cha mnyama, unahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Ikikosekana huharibu damu na mishipa ya fahamu, mbali na nywele.

5. Usimeze vidonge vya nywele ovyo. Vitamini A ikizidi yenyewe hudondosha nywele, na biotini nyingi inaweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu. Vidonge vya madini ya chuma navyo meza baada ya kupima.

Na tafadhali, usifiche tatizo kwa kusuka rasta za kubana au kuweka dawa kali. Nywele dhaifu ukizivuta, zinaondoka na mizizi.

Subira, mwenzangu

Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo usitegemee muujiza wa wiki mbili. Mimi nilianza kuona vinyweleo vipya kwenye paji la uso baada ya miezi minne hivi.

Tuliporudi Ifakara safari iliyofuata, mume wangu ndiye aliyetangulia kusema. "Mama, ulikuwa na haki. Alikuwa hali vizuri. Sasa anakula." Mama mkwe hakujibu. Jioni akatenga kambale wake, na pembeni bakuli la kunde za karanga, zito, limejaa mpaka juu. Akanisogezea mimi.

"Kula, mwanangu. Na ndimu hiyo hapo."

Wapenzi mnaobadilisha chakula, badilisheni pamoja, na muwaeleze wazee mapema. Mama mkwe hakukosea alipoona tatizo. Alikosea jina lake tu.