Kabla Hujafungua Nozeli

Malalamiko huwa ni yale yale: gari la dizeli limekosa nguvu. Dar es Salaam halimsumbui mwenye gari, maana foleni haimpi nafasi ya kulijua. Likifika mlima wa Kitonga ndipo linaanza kuomba gia namba mbili, malori ya kontena yanalikaribia kwa nyuma, na kwenye kioo cha katikati haonekani mtu wala gari, ni moshi mtupu. Gereji ya kwanza hujibu hata boneti haijafunguliwa: "Nozeli hizo, bosi." Zinashushwa zote nne, zinapelekwa kupimwa, zinarudi na bili. Gari nalo linarudi barabarani na moshi wake.

Nozeli huharibika, sikatai. Ila ni sehemu ya ghali mno kuanzia, na mara nyingi moshi wenyewe umeshaonyesha pa kuanzia. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwenye gari ni hili: nguvu zinapopungua, moshi unaongezeka au hauongezeki?

Jibu lina uzito kwa sababu ya namna dizeli inavyoungua. Injini hii haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka joto lake linapita nyuzi 500 za Selsiasi, kisha mafuta yanapulizwa humo na kujiwasha. Kilo moja ya dizeli inataka kilo 14 na nusu hivi za hewa ili iungue yote. Ukigeuza kuwa lita, ni kama lita 10,000 za hewa kwa lita moja ya mafuta, na hicho ni kima cha chini, kwani injini nzima huvuta ziada. Hewa ikipungua huku mafuta yakiendelea kuja, sehemu isiyoungua vizuri hugeuka masizi. Huo ndio moshi mweusi. Yakipungua mafuta huku hewa ipo tele, nguvu zinashuka lakini nyuma kunabaki kusafi.

Kwa hiyo gari lisilovuta na linalotoa moshi mweusi, fundi aanze upande wa hewa. Lisilovuta bila moshi, aanze upande wa mafuta. Kanuni hii si msahafu, maana nozeli inayovujisha nayo hutoa moshi mweusi, lakini hatua zake za mwanzo ni za bei ndogo, wakati mwingine za bure.

Upande wa hewa, eya klina ndiyo ya kwanza. Kwenye barabara za vumbi hujaa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, na kuipuliza kwa kampresa mara kwa mara huitoboa vitundu usivyoviona. Baada ya hapo ninafuata njia ya hewa kwa mkono. Hewa iliyobanwa na tabo hupita kwenye hosi nene ya mpira hadi intakula ikapoozwe, kisha hosi nyingine inaipeleka kwenye injini. Hosi hizi hupenda kupasuka upande wa chini, macho yasipofika, na ufa wake ni mjanja: injini ikiunguruma taratibu unajifunga, ukikanyaga mafuta presha inaufungua. Pitisha vidole chini yake. Ukigusa ukoko wa vumbi lililoshikana na oili, mwembamba, umenyooka kama mstari wa kalamu, umeupata. Dereva msikivu huwa ameshausikia ukilia "fyuuu" gari likipanda.

Hapo hapo ndipo tabo nyingi nzima huhukumiwa. Fundi anavua hosi, anakuta unyevu wa oili ndani, anatangaza kwamba tabo limekufa. Utando mwembamba wa oili humo ni kawaida, kwani mvuke wa injini hurudishwa kwenye njia hiyo ya hewa. Shika shafti ya tabo kwa vidole injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kucheza kidogo juu na chini si tatizo. Ikisogea mbele na nyuma, au mapanga yamekwaruza ukuta, hapo ana haki ya kulalamika.

Bado kuna vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini ili kupunguza gesi za sumu. Masizi yakichanganyika na mvuke wa oili hufanya lami, vali inaganda ikiwa wazi, na injini inabaki kuvuta moshi wake yenyewe.

Injini za zamani zisizo na tabo, kama 3L ya Hiace, zina kisa kingine. Pampu iliyosetiwa Dar es Salaam inaweza kuanza kutoa moshi ikifika Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya tano. Mafuta ni yale yale, hewa imepungua. Gari halijaharibika.

Nguvu zikipotea bila moshi, badilisha filta ya mafuta kwanza, halafu imwage ya zamani kwenye chupa inayoona ndani na uiache itulie. Maji hushuka chini. Kama mafuta yalichanganywa na mafuta ya taa, chupa haitakuonyesha kitu. Ni kwa ajili ya uchakachuaji huo mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, na pampu hulainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma, kwa hiyo husagika.

Zamani fundi alilegeza nati za nozeli moja moja injini ikiwaka, asikie ni silinda ipi isiyofanya kazi. Kwenye injini za kisasa za komoni reli, kama 1KD ya Hilux na Prado, asithubutu. Presha humo inaweza kupita baa 1,500, wakati tairi la gari dogo lina baa 2 na kidogo. Mafuta yakichuruzika kwa presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo hilo ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi ukitoweka injini ikipata moto, angalia hita plagi. Ukiendelea huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe ina mashaka, na safari isimame. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, iwe ni kwa ringi au sili za tabo. Sili za tabo zikiachia kabisa, injini inaweza kupanda resi yenyewe ikinywa oili yake, na ufunguo hauizimi. Kwenye gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa, uachie klachi mpaka ife. Mkono wako usiupeleke kwenye mdomo wa tabo.

Magari yenye filta ya masizi kwenye ekzosi, kama Mazda CX-5 za dizeli, hayatakiwi kuonekana na moshi mweusi hata kidogo. Likitoa, filta imepasuka au kuna aliyeitoa. Ikiziba, gari hukosa nguvu na nyuma hakuna kitu, na watu huanza kufungua pampu.

Kompyuta nayo inasaidia, ila isomwe ilivyo. Kosa la P0299 linasema presha ya tabo iko chini. Halijasema tabo limekufa. Hosi iliyopasuka huleta kosa hilo hilo. Mwambie fundi apande na mashine yake, mwende mlimani, asome presha mguu ukiwa umekanyaga hadi chini.