Vyombo vya Nyuklia Angani: Nasi Tupewe Taarifa

Aprili 21, 1964, siku 5 kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, setilaiti ya Marekani ilishindwa kuifikia njia yake angani, ikateketea juu ya Bahari ya Hindi. Ndani yake mlikuwamo mtambo wa umeme uliotumia joto la takriban kilo moja ya plutoniamu. Waundaji walikusudia mtambo huo uungue na kutawanyika juu kabisa endapo safari ingeharibika. Ukatawanyika kweli, na chembe zake zikaenea duniani. Bahari ilikuwa yetu. Upimaji wa usalama ulikuwa wao.

Mkulima wa pamba wa Bariadi na mvuvi wa Ukerewe wataweza kuuliza mambo hayo yawahusu nini. Yawahusu, kwa kuwa kianguacho kutoka angani hakiulizi mpaka. Januari 1978 setilaiti Kosmos 954 ya Umoja wa Kisovieti, yenye tanuri la nyuklia, iliangukia kaskazini mwa Kanada na kutapanya vipande vyenye mionzi. Na Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, kwa jirani zetu wa Kenya. Huo haukuwa mtambo wa nyuklia, lakini mwanakijiji angejuaje?

Haki yao tuwape. Baada ya mwaka 1964 Wamarekani walibadili ufundi, plutoniamu ikafungwa ili irudi duniani bila kupasuka. Ile ya Apollo 13 ilizama katika Pasifiki mwaka 1970, na hapakuonekana uvujaji. Mwaka 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni kwamba anayerusha mtambo wa nyuklia apime usalama wake, atangaze matokeo kabla ya kurusha, na atoe tahadhari chombo kikielekea kuanguka. Ila kanuni hizo hazina nguvu ya mkataba, na mrushaji ndiye ajipimaye mwenyewe. Hapo ndipo haturidhiki.

Tunaiomba serikali, kupitia Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, izisome taarifa hizo mapema na kuzihoji. Aidha, kila mtendaji wa kijiji mkoani Simiyu na visiwani Ukerewe aelekezwe kwamba chuma kilichodondoka kutoka angani kisiguswe, watoto waondolewe karibu nacho, polisi waitwe, wala kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, uliobandikwa mlangoni pa ofisi ya kata, watosha.