Dosie ya ajali iwe nyekundu: rangi zinavyotusaidia kutunza karatasi za wachimbaji

Kila siku ya kwanza ya juma, mlango wa biro yetu hapa Uvira unajaa watu mbele ya saa mbili. Kuna kijana anayetafuta karte yake ya kuchimba. Kuna mama twangaise aliyeshuka toka machimbo ya Fizi, mikono bado na vumbi la mawe. Kuna mzee aliyevunjika mguu ndani ya shimo. Kila mmoja ana neno moja: "Papa Katibu, dosie yangu iko?"

Kwa miaka mingi sisi wa sendika tulijibu bila woga: iko. Leo tunataka kuwaambia wasomaji, wachimbaji na jamaa zao, siku moja tuliyojibu "iko" kumbe haiko. Na tunataka kueleza kitu kidogo kilichotuokoa baadaye, kitu ambacho hakikutuomba hata franka moja: rangi.

Mjane na kidole kimoja

Mama huyo hatumtaji jina. Mume wake alifia shimoni, udongo ulimwangukia. Mchimbaji wa mikono, kama mnavyojua, mara nyingi hana kontra ya kazi wala karatasi ya mshahara. PDG wa shimo akikana, ushahidi ni nini? Ni orodha ya timu iliyoingia siku ile, ni PV iliyoandikwa na wenzake, ni picha, ni alama za vidole za mashahidi. Vyote tulikuwa tumevipiga skana na kuviweka ndani ya ordinatere, katika dosie moja.

Katibu wetu alikuwa anahamisha kazi kwenye fulashi ili kuipeleka kuimprime mjini. Kwenye kioo kulikuwa na madirisha mawili: kushoto ordinatere, kulia fulashi. Kushoto kulikuwa na kopi ya zamani, isiyo na PV, na hiyo ndiyo aliyotaka kufuta. Dosie nzima ilikuwa kulia. Alifikiri amesimama kushoto. Kumbe alikuwa kulia. Akabonyeza F8, akakubali, basi. Ukifuta kitu kilicho ndani ya ordinatere, Windows inakitupa kwanza kwenye kapu, unaweza kukirudisha. Lakini ukikifuta kwenye fulashi hakipiti kwenye kapu. Kimekwenda.

Mama alipokuja, tulikuta kopi isiyo kamili. Ilitubidi kurudi machimboni, kutafuta mashahidi mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamehamia mashimo mengine. Ilichukua majuma matatu, na mama na watoto walikuwa wanangoja kwa jirani.

Tulipomuuliza katibu, hakujitetea sana. Alisema tu: "Banangu, mimi sikuona niko wapi. Yote ilikuwa nyeupe na nyeusi, hii na ile mamoja."

Tulikasirika, tukanyamaza. Kisha kila mmoja wetu akakaa kwenye kiti chake, akaangalia kile kioo. Kweli, hatukuona. Ule mstari unaoonyesha mahali uliposimama ulikuwa wa kijivu hafifu. Dirisha linalofanya kazi na lile linalolala yalifanana kama mapacha.

Kwa nini tuliacha makaratasi

Wengine watasema: si mngebaki na makaratasi tu? Watu wa Uvira wanajua jibu. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba watu, nyumba na kila kilichokuwa ndani. Na miaka hii ziwa nalo limepanda, likaingia nyumba za watu kandokando yake. Karatasi ikilowa, wino unakwenda. Kwa hiyo tuliamua kila karatasi iwe na ndugu yake ndani ya ordinatere, na ndugu wa pili ndani ya fulashi iliyo nyumba nyingine.

Tena tukumbuke Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020. Mvua ilinyesha, maji yakaingia mashimo ya Detroit, ndugu zetu kwa makumi wakabaki chini. Siku kama ile, swali la kwanza la familia ni moja: nani alikuwa ndani? Asiye na orodha hana jibu. Ndiyo maana hatuchezi na fishie.

Madirisha mawili ni nini

Programu tunayoitumia inaitwa Double Commander. Ni ya bure, inakwenda kwenye Windows na kwenye Linux, na iko na pakiti isiyohitaji kuinstalishwa: unaibeba ndani ya fulashi tu. Mfano wake ulitoka kwa Total Commander ya Christian Ghisler, mtu wa Uswisi, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1993. Na wote hao ni wajukuu wa Norton Commander ya mwaka 1986, iliyoandikwa na John Socha. Wazee waliosoma enzi za MS-DOS watakumbuka kioo chake cha bluu.

Faida yake ni nyepesi. Unaona mahali pawili kwa mara moja: kitu kinakotoka na kitu kinakokwenda. Tab inakuvusha dirisha moja hadi jingine. F5 inakopi, F6 inahamisha, F7 inafungua dosie mpya, F8 inafuta. Kwa mtu mwenye klaviye nzuri na suri iliyokufa, hiyo ni baraka. Lakini wepesi huo ndio hatari yake. Kidole kimoja kinatosha kufanya kazi, kidole kilekile kinatosha kuiharibu. Kwa hiyo lazima jicho lijue uko upande gani mbele kidole hakijaanguka.

Kazi ya kwanza: ujue umesimama wapi

Tulikaa siku ya posho moja mchana, kijana mmoja wa sekondari akiwa pamoja nasi, mtoto wa mchimbaji. Alifungua Configuration, kisha Options, kisha sehemu ya rangi. Hapo kuna ukurasa wa madirisha. Tulibadilisha vitu vinne.

Kwanza, mstari wa kuchagua. Tuliupa bluu iliyokolea, na maandishi yake meupe. Sasa ukiwa mlangoni unauona.

Pili, dirisha linalolala. Programu iko na kipimo cha kupunguza mwangaza wa dirisha ambalo hulitumii. Tulilipunguza hadi likawa kama chumba chenye taa iliyozimwa nusu. Ukibonyeza Tab, mwanga unahama. Katibu alipoona alicheka: "Njo hii! Sasa niko na torchi kwenye kichwa." Ni vile kabisa. Mchimbaji hashuki bila torchi, na torchi inaonyesha pale anapoangalia.

Tatu, fishie ulizozichagua kwa kundi. Hizo tulizipa rangi yao wenyewe, tofauti na ya mstari, ili usifute kumi ukifikiri unafuta moja.

Nne, ukubwa wa herufi, kwenye ukurasa wa maandishi. Wengi wetu tumepita miaka arobaini, na jicho la umri huo linaanza kukataa vitu vya karibu. Si aibu. Tuliongeza herufi, orodha ikawa fupi kwenye kioo, lakini inasomeka bila luneti za kuazima.

Kazi ya pili: kila dosie na rangi yake

Ukurasa wa pili ni wa aina za fishie. Pale unaandika jina la kundi, unaandika alama ya kulitambua, unachagua rangi. Kwa mfano ukiandika *.pdf, fishie zote za PDF zitachukua rangi ile. Lakini kwa sendika, kujua kwamba kitu ni PDF hakutusaidii sana, kwa sababu PV ni PDF, karte ni PDF, risiti ni PDF. Sisi tulitaka kujua ni kesi gani.

Basi tulianza na majina. Kila fishie sasa inaanza na herufi tatu: AJA kwa ajali, KAR kwa karte, MCH kwa michango, MKU kwa mikutano. Kisha mwaka, kisha namba. Ndani ya programu tuliandika AJA* na kuipa nyekundu, KAR* bluu, MCH* kijani, MKU* nyeusi. Ukifungua dosie kubwa yenye vitu mia, ajali zinasimama mbele ya macho kama damu juu ya shati.

Angalieni jambo moja: programu inasoma kanuni toka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoshinda. Ukiweka *.pdf juu ya AJA*, ajali zako zote zitachukua rangi ya PDF. Sisi tulipoteza karibu saa nzima mbele ya kugundua hilo. Weka kanuni nyembamba juu, kanuni pana chini.

Si kila rangi inaonekana

Hapa tulifanya makosa mengine. Mara ya kwanza tulichagua rangi kwa kupenda. Michango ilikuwa kijani kibichi kinachong'aa, mikutano ilikuwa njano. Kesho yake hatukuweza kusoma kitu.

Watu wa W3C, wanaotunga kanuni za kurasa za intaneti, wanapima tofauti kati ya maandishi na nyuma yake kwa namba. Nyeusi juu ya nyeupe inapata 21 kwa 1, hakuna inayoipita. Kwa maandishi ya kawaida wanaomba isipungue 4,5 kwa 1. Njano kali juu ya nyeupe inapata kidogo juu ya 1, maana yake ni kama haipo. Kijani kinachong'aa hakifiki hata 1,5. Hata nyekundu kali, ile tunayoiona kubwa, inafika 4 tu. Kwa hiyo chagueni rangi zilizokolea: nyekundu ya damu iliyokauka, kijani cha jani la muhogo, bluu ya usiku.

Tena kuna watu, zaidi wanaume, ambao jicho lao halitofautishi vizuri nyekundu na kijani. Wanazaliwa hivyo, na wengi hawajui. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya wanafika karibu 8 kwa 100. Kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Kwa mtu kama huyo, ajali na michango vitakuwa rangi moja ya udongo. Ndiyo sababu hatukuacha zile herufi tatu. Rangi inaita jicho, jina linathibitisha. Kimoja kikianguka, kingine kinabaki.

Na mwanga wa Uvira nao una tabia yake. Asubuhi jua linatoka upande wa Burundi, linapiga ziwa, na ziwa linarudisha mwanga wote ndani ya biro. Saa hizo kioo chenye nyuma nyeusi kinakuwa kama kioo cha kujitazamia: unaona uso wako, huoni fishie. Mchana tunatumia nyuma nyeupe na maandishi yaliyokolea. Usiku, kuran ikikatika na tukiwa kwenye taa ya sola, nyeupe ile inachoma macho, basi kijana wetu alitengeneza kopi ya pili ya programu yenye nyuma ya kijivu cha giza na rangi zilizopauka kidogo. Tuna kopi mbili ndani ya fulashi: moja inaitwa MCHANA, nyingine USIKU.

Wengine wanasema nyuma nyeusi inalinda betri. Kwa telefone zenye kioo cha OLED ni kweli. Kwa ordinatere nyingi za LCD tulizo nazo, taa ya nyuma inawaka sawa kwa rangi yote. Ukitaka betri ikae, punguza mwangaza wa kioo chenyewe.

Rangi haifanyi kazi peke yake

Hatutaki mtu aseme sendika imegeuka duka la rangi. Rangi haikumrudishia mjane mume wake, na PDG mkaidi haogopi bluu wala nyekundu. Lakini tangu siku ile tumejiwekea sheria tatu. Dosie ya AJA haifutwi na mtu mmoja. Wawili wanakaa mbele ya kioo. Hakuna kufuta kwenye fulashi mbele ya kuhakikisha kopi iko upande wa pili na inafunguka. Na kila mwisho wa mwezi tunahesabu: namba za ajali kwenye daftari zilingane na namba za nyekundu kwenye kioo.

Mjane yule alirudi na shemeji yake. Katibu aligeuza kioo kuelekea kwao, akasema: "Mama, angalia mwenyewe." Yule mama hakusoma shule nyingi, lakini aliona mstari mwekundu, akaona namba aliyokuwa ameandikiwa kwenye karatasi yake ndogo. Akaweka kidole juu ya kioo. "Huyu ni baba Amani," akasema. Hatukuwa na neno la kuongeza.

Ndugu wachimbaji, na ninyi jamaa mliobaki nyumbani: mna haki ya kuona dosie zenu. Mkija, ombeni namba yenu, iandikeni, itunzeni pamoja na karte. Mkiambiwa "iko", semeni: tuonyesheni. Na kama kijana wenu anajua ordinatere, msimwache nje mlangoni. Mleteni ndani.