Kariandusi na Haki ya Kusikilizwa

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akiisha kupita Gilgil, huliona Ziwa Elmenteita upande wa kushoto, na upande wa kulia ndiko Kariandusi. Wageni wengi hufika hapo kutazama mashoka ya mawe ya watu wa kale, yaliyochimbuliwa na Dr. L. S. B. Leakey tangu mwisho wa miaka ya 1920. Wengine wapajua kwa machimbo yake ya udongo mweupe wa diatomiti. Lakini ni wachache wanaouliza ni nani waliokuwa wakichunga katika bonde hili kabla ya mashamba makubwa kupimwa na kuzungushiwa seng'enge, na wenyewe waliondokaje.

Waliochunga hapa ni Wamasai. Mwaka 1904 Kamishna wa Serikali ya Kiingereza, Sir Donald Stewart, alifanya mkataba na wakuu wao wakiongozwa na Laibon Lenana. Kwa mkataba huo Wamasai walitoka katika bonde la kati, kandokando ya reli iliyokuwa mpya, wakagawanywa mafungu mawili: fungu moja lilikwenda kusini ya reli, na la pili kaskazini katika Laikipia. Waliahidiwa kwamba nchi hizo mbili zitakuwa zao maadamu kabila la Wamasai lipo duniani. Muda si muda ardhi ya Elmenteita ikawa mali ya masetla. Soysambu peke yake, shamba la Lord Delamere, ni yapata eka 48,000.

Ahadi ile haikutimiza hata miaka saba. Masetla waliitamani Laikipia pia, na mwezi wa Aprili 1911, Lenana akiwa amekwisha kufa, mkataba wa pili ukatiwa sahihi ili Wamasai wote wakusanywe kusini. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 10,000 walihamishwa pamoja na ng'ombe wapatao 175,000 na kondoo wengi mno.

Hapo ndipo lilipotokea jambo linalostahili kukumbukwa na kila mkulima na karani wa wilaya hizi. Wamasai wa Laikipia, ambao kiongozi wao alikuwa Parsaloi Ole Gilisho, hawakushika mikuki. Walitafuta wakili, wakaishtaki Serikali mahakamani. Daawa hiyo yajulikana kwa jina la Ole Njogo, mdai wa kwanza. Walisema kwamba mkataba wa 1904 ungali na nguvu, kwamba waliotia sahihi ule wa 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga watu wa Laikipia, na kwamba walipwe fidia ya mifugo yao. Yafaa kufikiri ushujaa uliohitajika: wachungaji wasiojua kusoma wanaiita Serikali ya Mfalme mbele ya majaji wa Mfalme, miaka kumi na miwili tu baada ya reli kufika Kisumu.

Tarehe 26 Mei 1913 Mahakama Kuu ilitupilia mbali daawa yao. Majaji hawakusema kwamba Wamasai wamekosea kuhusu ardhi. Swali hilo hata hawakulifikia. Walisema kwamba nchi ilikuwa himaya tu, si milki ya Uingereza, kwa hiyo Wamasai si raia wa Mfalme bali ni taifa la kigeni. Mikataba ile ilikuwa mapatano ya dola na dola, nayo mahakama haina uwezo wa kuyaamua. Mwezi wa Desemba mahakama ya rufani ilikubali hivyo hivyo. Ni ajabu kuu! Watu waliotozwa kodi na kuamriwa kuhama kama walio chini ya Serikali walipogonga mlango wa sheria waliambiwa kuwa ni wageni.

Waliobaki mashambani nao walionja sheria ya namna mbili. Tangu miaka ya 1919 na 1920 kila Mwafrika mwanamume wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuchukua kipande chenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ambacho wengi walikitia katika kikopo cha bati na kukivaa shingoni. Asiyekuwa nacho aliweza kutozwa faini au kufungwa. Mwaka 1947 ilipotungwa sheria ya kuwaandikisha watu wa mataifa yote, masetla wengi walipiga kelele kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni kuvunjiwa heshima. Kumbe walijua tangu zamani kwamba jambo hilo lina aibu.

Ilipita miaka mia na zaidi ndipo watu wengine wa Bonde la Ufa waliponyimwa haki wakasikilizwa hata mwisho. Magharibi ya Nakuru uko msitu wa Mau, makao ya Waogiek, warina asali tangu kale. Oktoba 2009 Idara ya Misitu iliwapa notisi ya siku 30 waondoke. Chama chao chenye makao wilayani Nakuru, pamoja na vyama viwili vingine, kilipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu. Tume hiyo ilikuwa karibu kutangaza, Februari 2010, kwamba Waendorois wa Ziwa Bogoria walinyimwa haki walipoondolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1973. Shauri la Waogiek lilipelekwa mbele zaidi, hata Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha.

Serikali ilijitetea kwamba yataka kuulinda msitu. Mnamo tarehe 26 Mei 2017, siku ile ile ya mwezi ambayo Ole Njogo alishindwa, majaji walikataa hoja hiyo: haikuthibitishwa kwamba Waogiek ndio walioharibu Mau. Wakaamua pia kwamba kukataa kuwatambua kama kabila, hali makabila mengine yametambuliwa, ni ubaguzi.

Msomaji asidhani kwamba lazima afike Arusha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 22, yampa kila mtu ruhusa ya kwenda mahakamani haki yake ikivunjwa au ikitishwa, au kwenda kwa niaba ya mwenzake asiyejiweza. Kufungua shauri la namna hiyo hakutozwi ada, na ikibidi mahakama yaweza kupokea maombi yasiyofuata taratibu zote za maandishi. Vijijini wengi hawajaelezwa jambo hili, na makarani wanaolijua hawana udhuru wa kunyamaza.

Juni 2022 Mahakama ya Arusha iliamuru Waogiek walipwe shilingi 157,850,000, ardhi yao ipimwe, na hati zitolewe kabla ya miaka miwili kupita. Novemba 2023 askari wa misitu walikuwa Sasimwani, upande wa Narok, nyumba za Waogiek zikibomolewa na kuchomwa moto. Juni 2024 ikafika, na hati hazikuwa zimetolewa.