Hosta Kati ya Jua na Kivuli (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza asili ya hosta katika misitu, majabali na kingo za mito ya Japani, Korea na China, na jinsi tabibu Mjerumani Philipp Franz von Siebold alivyozifikisha Uholanzi karibu na mwaka 1830. Leo tunaingia katika swali linalowagawa wapanda maua wa Marekani na Ulaya kila baridi inapokwisha: mmea huu unaopendwa kwa majani yake upandwe juani au kivulini?

Wengi hujibu upesi: kivulini. Mnunuzi huubeba mche, akauchimbia chini ya mti mkubwa na kuuacha huko. Kwa maoni yangu, hapo mmea umedhulumiwa. Hosta huvumilia kivuli, na kukivumilia si kukipenda. Huko Japani zimo aina, kama Hosta longissima, zinazoota kwenye nyanda zenye majimaji, jua likizipiga waziwazi. Kinachoziokoa ni maji yasiyokauka mizizini. Jani pana hupoteza maji mengi. Mizizi ikishindwa kuyafidia, vitundu vya hewa vya jani hujifunga, jani hukosa njia ya kujipoza, na kingo zake hubabuka zikawa kahawia. Mara nyingi, basi, mmea unaodhaniwa umeunguzwa na jua una kiu.

Kivuli kizito nacho kina hasara zake. Mmea hutoa machipukizi machache kila mwaka, vikonyo hurefuka vikitafuta mwanga, majani huwa mapana lakini membamba, na maua hupungua. Ukiwa chini ya mti wenye mizizi ya juujuu, hunyang'anywa hata maji ya mvua.

Lakini ni katika rangi ndipo mwanga unapoonyesha nguvu zake hasa. Chukua hosta za buluu, kama ‘Elegans’ iliyotolewa na Mjerumani Georg Arends mwaka 1905. Ubuluu ule haumo ndani ya jani. Jani lenyewe ni la kijani, na juu yake limepakwa nta nyembamba inayotawanya mwanga. Lisugue kwa kidole, kijani kitajitokeza papo hapo. Nta hiyo hutengenezwa zaidi jani linapokunjuka mwanzoni mwa msimu. Ikishaondolewa na joto, mvua au mkono wa mtu, jani hilo haliirudishi. Ndiyo sababu hosta ya buluu iliyowekwa kwenye jua la mchana huwa ya kijani kabla ya msimu kwisha, ilhali mwenzake wa kivulini bado anang'aa.

Za rangi ya dhahabu huenda kinyume chake. Hizi zina klorofili kidogo, ile dutu ya kijani inayonasa mwanga. Zikiwekwa gizani huongeza klorofili ili zipate chakula, na dhahabu yote hufifia ikawa kijani kibichi. Zikipata jua, klorofili hupungua na umanjano uliokuwa umefichwa hujitokeza. ‘Sum and Substance’, yenye majani makubwa na manene, hustahimili saa kadhaa za jua iwapo udongo una unyevu, nami naiona ndiyo ya kumpa mtu anayeanza.

Ngumu kuliko zote ni zile zenye weupe katikati ya jani, mfano ‘Fire and Ice’. Sehemu nyeupe haina klorofili, wala haijitengenezei chakula. Hulishwa na ukingo wa kijani. Juani weupe huungua kwanza. Kivulini sana, ukingo hukosa mwanga wa kutosha kulisha jani zima, na mmea hudhoofika mwaka hadi mwaka.

Anayetaka ushahidi wa macho apande ‘June’, iliyozuka kutoka hosta ya buluu iitwayo ‘Halcyon’. Agawe shina moja mara mbili. Kipande kitakachopata mwanga mwingi kitakuwa na kitovu cha manjano ya kukolea. Cha kivulini kitaelekea kijani, kiasi kwamba mgeni atadhani ni mimea miwili tofauti.

Wajapani wameifikisha elimu hii hadi mezani. Machipukizi ya hosta, huko huitwa urui, huliwa kama mboga, na katika mkoa wa Yamagata huoteshwa wakati wa baridi kwa kunyimwa mwanga ili yatoke meupe na laini.

Hosta plantaginea ya China, yenye maua meupe yanayonukia jioni, ndiyo inayotaka jua zaidi, na uzao wake, kama ‘Royal Standard’, umerithi tabia hiyo.

Msomaji unayeishi nchi za baridi, usiitupe hosta yako kizani. Ipande upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi hadi saa nne au saa tano, kisha kivuli chepesi kiikinge na ukali wa mchana. Mwagilia maji ya kina cha sentimita 2.5 hivi kwa juma mvua isiponyesha, na funika udongo kwa majani makavu.

Juma lijalo tutazungumzia usingizi wa baridi, na kwa nini hosta haiwezi kudumu Mombasa wala Dar es Salaam hata ikipewa kivuli kizuri namna gani.