Damu Isiyongoja Msiba

Leo twataka kusema nanyi juu ya dhabihu, na tutaanza na mfuko wa damu.

Wengi wetu wa Nairobi tunakumbuka foleni mbili. Ya kwanza ni ya Agosti 1998, bomu lilipolipuka tarehe 7 katika ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, wakafa watu 213 katika jiji letu. Ya pili ni ya Septemba 2013, walipouawa watu 67 katika shambulio la Westgate kule Westlands. Mara zote mbili watu walimiminika kutoa damu. Mkristo, Mwislamu na Mhindu walisimama pamoja, wala hakuna aliyeuliza damu yake itamwendea nani.

Nasi tulikuwamo katika foleni ya 2013. Tulitoa, tukapewa soda na biskuti, muuguzi akatuambia, "Pasta, urudi baada ya miezi mitatu." Tuliitikia vizuri sana. Hatukurudi. Miezi ikawa miaka, na katika miaka hiyo tulihubiri juu ya dhabihu mara nyingi.

Yafaa tueleze jambo lenyewe, maana wako wanaoogopa bure. Mtu mwenye afya njema, wa miaka 16 hadi 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50, hutoa mililita 450 hivi, yaani chini ya nusu lita. Majimaji ya damu hiyo mwili huyarudisha kwa siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua majuma kadhaa. Ndiyo sababu mwanamume hungoja miezi mitatu, na mwanamke minne. Lakini damu iliyo katika friji ina siku zake. Chembe nyekundu hukaa siku 35, au 42, kufuatana na dawa iliyotiwa mfukoni, kisha hutupwa. Basi ile tuliyoitoa kwa machozi mwezi wa Septemba, Krismasi haikuikuta.

Jioni moja ya mvua, magari yamekwama katika Barabara ya Argwings Kodhek, simu ililia. Alikuwa kijana wa kanisa letu hapa Kilimani. Mkewe alikuwa amejifungua salama, kisha damu ikakataa kukoma. "Pasta, niitie watu," alisema, na sauti ikamkatika. Damu ya namna hiyo huua kwa saa chache tu.

Kwanza tulimpigia mzee mmoja wa kanisa, fundi viatu wa Kawangware, kwa kuwa tulisikia kwamba yeye hutoa damu. Akanyamaza kidogo. "Nilitoa juzijuzi, Pasta, hata mwezi haujaisha. Hawatanikubali." Akaja hata hivyo, kwa miguu, akaketi karibu na yule kijana mpaka usiku wa manane.

Mama yule aliongezewa mifuko minne. Haikutoka kwetu. Ilikuwa imo katika friji kabla hatujafika, imetolewa na watu wasiotujua. Yetu, sisi watatu tuliotoa usiku ule, ilipaswa kupimwa kwanza virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Kama wangengoja yetu, labda tungekuwa tukipanga mazishi. Alipona kwa damu iliyotolewa siku ya kawaida, ambayo redio haikuwa na habari yoyote ya kutisha.

Waraka kwa Waebrania wafundisha kwamba Kristo alijitoa mara moja tu, ikatosha. Hatuwezi kuongeza kitu juu yake. Wengine wetu, tukisikia hivyo, hudhani na pendo letu latosha kutolewa mara moja kwa kishindo, kama kiapo cha arusi kinavyosemwa kwa dakika chache. Lakini sura ya 13 ya waraka uo huo yatutaka tutende mema na kushirikiana, na kuiita hiyo nayo dhabihu, ya kutolewa daima. Dhambi zetu zimekwisha kulipiwa. Shida ya jirani hurudi kila juma. Mke anayemwosha mumewe aliyepooza hawezi kusema kwamba alimwosha jana.

Tulimwuliza mzee yule kwa nini hakutuambia habari zake siku zote hizo. "Hukuniuliza, Pasta," alisema, akacheka. Katika kibanda chake ametundika kalenda, na kila baada ya miezi mitatu ametia alama ya kalamu nyekundu.

Mtoto tulimbatiza mwezi wa Agosti. Kalenda ya ofisi ya kanisa nayo sasa ina alama nyekundu. Inayofuata ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, asubuhi, na mzee amesema atatupitia.