Fiksa na Maji: Kukamilisha Filamu Katika Joto la Kibenga

Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe inapotoka katika dawa inayoidhihirisha picha, chumvi za madini ya fedha ambazo hazikupigwa na mwanga huwa bado zimo ndani ya jelatini, yaani utando mwembamba uliopakwa juu ya plastiki, na zikiachwa humo huendelea kuingia weusi kwenye mwanga mpaka picha iharibike. Kazi ya kuziyeyusha ni ya fiksa, ambayo kiini chake ni tiosulfati, kemikali ambayo John Herschel wa Uingereza alibaini mwaka 1819 kwamba huyeyusha chumvi za fedha. Nguvu yake hupimwa kwa kutumbukiza kipande kilichokatwa kwenye ncha ya filamu: muda ambao ukungu wake mweupe huchukua kutoweka huhesabiwa, kisha filamu yenyewe huachwa humo kwa angalau mara mbili ya muda huo.

Fiksa nayo isipoondolewa huoza polepole, na salfa yake huishambulia fedha na kuacha madoa ya manjano au kahawia baada ya miaka. Hapo ndipo maji yanapohitajika, na katika mtaa kama Kibenga, kusini mwa Bujumbura, maji ya bomba aghalabu huwa na joto kupita nyuzi 20 zinazotajwa vitabuni. Joto hilo huharakisha usuuzaji, lakini pia huvimbisha jelatini hata ukucha ukaweza kuikwangua, na filamu ikitolewa ghafla kwenye dawa yenye joto na kutiwa katika maji baridi hufanya mikunjo midogo kama wavu ambayo haiondoki tena. Afadhali dawa zote na maji viwe na joto moja, hata likiwa nyuzi 24, na muda wa dawa ya kwanza upunguzwe, kuliko kuhangaika na barafu kwa hatua moja tu.

Kuacha bomba wazi nusu saa ni israfu. Kampuni ya Ilford hupendekeza njia nyepesi kwa fiksa isiyo na kigumishi cha jelatini: kopo lenye filamu hujazwa maji na kupinduliwa mara 5, yakamwagwa, yakajazwa mengine, mara 10, kisha mara 20. Ndoo moja hutosha, hata bomba likikauka.

Fiksa iliyotumika, kwa kuwa imebeba fedha, haifai kumwagwa mtaroni, hasa katika mji unaokunywa maji ya Ziwa Tanganyika. Ikiwekewa stilwaya ya kusugulia sufuria kwa siku kadhaa, chuma huyeyuka na fedha hutuama chini kama tope jeusi.